Pua ya Naigu na Pua ya Nyumbani Kwetu

Safari hii siandiki juu ya riwaya mpya wala diwani iliyotoka nyumbani. Naandika juu ya hadithi fupi ya Kijapani yenye umri wa zaidi ya miaka 100, niliyoisoma mara tatu katika wiki moja nikiwa nimekaa kitini, pembeni ya kitanda cha binti yangu. Yeye alikuwa amelala chali, kichwa juu ya mito mitatu, macho yamevimba na kuvilia damu kama mtu aliyepigwa ngumi, na juu ya pua amebandikwa kifuniko kigumu cha plastiki. Hakuna aliyempiga. Alilipa mwenyewe, kwa akiba ya miaka minne, ili pua yake ipasuliwe na kupunguzwa.

Hadithi inaitwa "Pua", kwa Kijapani "Hana", na mwandishi wake ni Ryunosuke Akutagawa. Ilichapishwa Februari 1916 katika jarida dogo alilolitoa na wenzake, naye bado ni mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza huko Tokyo, hajatimiza miaka 24. Natsume Soseki, mwandishi aliyekuwa akiheshimiwa sana zama zile, alimwandikia barua ya kumsifu, na tangu hapo jina la kijana likaanza kusikika. Alifariki mwaka 1927 akiwa na miaka 35 tu. Mimi niliisoma kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Jay Rubin iliyotolewa na Penguin mwaka 2006.

Kisa chenyewe ni hiki. Zenchi Naigu ni mtawa mkubwa wa Kibudha, umri umeshapita miaka 50. Pua yake inaning'inia kutoka juu ya mdomo mpaka chini ya kidevu, kiasi cha sentimita 15 hadi 18, nene juu na chini sawasawa kama soseji. Hawezi kula peke yake. Lazima mwanafunzi wake akae mbele yake na kuinyanyua pua kwa ubao mwembamba mpaka chakula kimalizike. Siku moja kijana mtumishi aliyeshika ubao alipiga chafya, mkono ukatetereka, pua ikatumbukia katika uji. Habari ile ikafika mpaka Kyoto.

Naigu anajifanya hajali, maana mtu wa dini hapaswi kushughulishwa na sura. Lakini akiwa peke yake hushika kioo na kugeuza uso huku na huku, akitafuta upande ambao pua itaonekana fupi. Huwatazama wageni wanaokuja hekaluni, akitafuta japo mmoja mwenye pua kama yake. Hupekua vitabu vitakatifu akitumaini kumkuta mtakatifu mwenye pua ndefu, na hampati. Amekwisha kujaribu hata mkojo wa panya. Hatimaye mwanafunzi wake analeta dawa kutoka kwa tabibu wa Kyoto: pua ichemshwe katika maji ya moto, kisha ikanyagwe kwa miguu. Naigu anaitaka sana, lakini anasubiri abembelezwe. Mwanafunzi anaielewa hila ile, na kwa huruma anambembeleza. Pua inachemshwa, inakanyagwa, inatoa punje punje zinazong'olewa kwa kibano, inachemshwa tena. Inakuwa fupi. Naigu anajitazama kiooni na kujiambia kwamba sasa hakuna atakayemcheka.

Baada ya siku mbili tatu watu wakaanza kumcheka kuliko zamani. Naigu akawa mkali, akigombana na kila mtu. Usiku mmoja pua ikamwasha na kuvimba, na asubuhi akaikuta imerudi urefu wake ule ule. Akapata faraja sawa na ile ya mwanzo, akajiambia tena kwamba sasa hakuna atakayemcheka.

Wengi watamaliza kusoma na kusema: naam, funzo ni kuridhika na ulichopewa. Nami usiku wa kwanza nilisoma hivyo, tena kwa raha, kwa sababu yalikuwa ndiyo maneno niliyomwambia binti yangu kabla ya operesheni. Niliposoma mara ya pili nikaona hadithi hainiungi mkono. Naigu mwenye pua ndefu hakuwa ameridhika hata siku moja. Na ile faraja ya mwisho inaelezwa karibu kwa maneno yale yale ya faraja ya kwanza, ambayo tumeshaiona ilivyokuwa ya uongo. Kwa nini basi tuiamini mara ya pili? Akutagawa hasemi kwamba Naigu amepona. Anamwacha na pua yake ikiyumba katika upepo wa alfajiri, nasi tunajua kwamba chakula cha asubuhi kinakuja, na ubao utahitajika.

Mwandishi mwenyewe anatoa maelezo yake katikati ya hadithi. Anasema moyo wa binadamu una hisia mbili zinazopingana. Tunamhurumia aliyepatwa na balaa, lakini akijitoa katika balaa lile tunaona kama tumepungukiwa na kitu, na pengine tunatamani arudi alikokuwa. Huo anauita ubinafsi wa watazamaji. Wazo ni kali na la kweli, ila kwa maoni yangu hapa ndipo penye dosari ya kazi hii. Mwandishi kijana hakuamini kwamba hadithi yake inaweza kusema peke yake, akasimama na kuhutubia. Hakuhitaji. Baada ya hapo anatuonyesha yule mtumishi akimfukuza mbwa kwa ule ule ubao uliokuwa ukinyanyulia pua, huku akipiga kelele kwamba atampiga mbwa pua. Picha ile inatosha. Naigu kampokonya mtoto ubao na kumpiga nao usoni, na sisi tumeshaelewa yote.

Nije sasa nyumbani kwetu. Pua ya binti yangu ilikuwa na nundu katikati na ncha iliyoinama. Ni pua ya mama yangu, Mungu amrehemu, aliyezikwa Unguja. Mama aliivaa pua ile pamoja na kipini cha dhahabu, na sikumbuki kumwona akijificha. Lakini mama alikulia mtaa ambao nusu ya watu walikuwa na pua hiyo. Binti yangu amekulia Milton Keynes. Alipokuwa na miaka sita nilimpa jina la utani, Kasuku, kwa mapenzi. Binamu zake wakalidaka. Likaenda nao madrasa, likaenda harusini, likafika shuleni likiwa limeshatafsiriwa Kiingereza. Alipotuambia, mezani, mbele ya mama yake, kwamba ameshapanga tarehe na daktari, nilijibu kwa methali ya marehemu bibi yake: kata pua uunge wajihi. Mama yangu aliitumia kwa kumkejeli mtu anayeharibu akidhani anatengeneza. Binti yangu akasema, "Ndivyo hasa, Baba. Inakatwa, wajihi unaungwa." Akaendelea kula.

Si kweli kwamba tamaa hii imeletwa na simu na picha za siku hizi. Mwaka 1898, huko Berlin, daktari Jacques Joseph, aliyekuwa Myahudi, alimpunguzia pua kijana mmoja aliyekuwa akiona haya kutoka mbele za watu, kisha akawaeleza madaktari wenzake kwamba kilichopona zaidi ni moyo wa mgonjwa. Sisi wenyewe washairi wetu wa mapenzi wamezoea kusifu pua iliyosimama kama upanga. Aliye na pua bapa anasikia, mwenye nundu naye anasikia. Kisha tunashangaa watoto wetu wanapokwenda kununua upanga wenyewe.

Wapo pia walionikumbusha suala la kubadilisha alichoumba Mungu. Ni suala zito na lina wenyewe. Ninachojua ni kisa cha sahaba Arfaja, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Akaweka pua ya fedha ikamnukia, akaruhusiwa kuweka ya dhahabu. Wanazuoni hutofautisha kati ya kutibu dosari na kutafuta urembo, na binti yangu hakudai kwamba alikuwa hawezi kupumua. Alisema anataka kuingia chumbani bila pua yake kutangulia. Kama hiyo ni dosari au urembo, sina mizani ya kuipimia.

Mizani niliyonayo ni ya uhandisi. Nimesomea majengo, na nilipomuuliza daktari pua inasimamaje, nilijikuta nasikiliza somo langu la zamani. Sehemu ya juu ni mfupa, ya chini ni gegedu. Ukuta wa gegedu unaogawa pua mara mbili ndio nguzo yake, na mpasuaji akiupunguza lazima aache ukanda wenye umbo la herufi L, upana wa sentimita moja au zaidi, juu na mbele. Akikata kupita hapo pua itabonyea. Kwa hiyo hata anayetaka kubadilika anabadilishwa juu ya nguzo ile ile aliyozaliwa nayo. Maelezo haya yalinituliza kidogo.

Naigu alimaliza matibabu katika siku moja. Ya kweli hayaendi hivyo. Wiki ya kwanza binti yangu alipumulia mdomo, akilala kichwa juu, haruhusiwi kupenga kamasi wala kuinama. Siku ya saba kifuniko kilitolewa, akajitazama kiooni akalia. Pua ilikuwa imevimba, ncha imeinuka. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba uvimbe mwingi hupungua katika wiki chache, lakini uliobaki huchukua miezi, na ncha huwa ya mwisho, hata mwaka mzima. Kuambiwa si sawa na kuona. Weusi wa macho uliisha wiki ya pili. Kila asubuhi alipima kwa kioo, na kila asubuhi niliiona sura ya Naigu.

Kisha ikaja Idi. Walewale waliomwita Kasuku ndio waliokuwa wa kwanza kumwambia, "Masikini, ulikuwa mzuri ulivyokuwa, mbona umejiharibu?" Nilitaka kuwajibu. Nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, tangu kifuniko kitolewe, nilikuwa nikimtazama usoni nikimtafuta mama yangu, na nikimkasirikia kwa kutomwona. Nilitaka abebe pua ile kwa ajili ya kumbukumbu zangu, wakati tabu ya kuibeba ilikuwa yake. Akutagawa amelipa jina jambo hili, ubinafsi wa watazamaji, nami nilikuwa nimeketi safu ya mbele kabisa.

Ndiyo maana usomaji wangu wa tatu umenifikisha mahali pengine. Nadhani ugonjwa wa Naigu haukuwa pua. Ulikuwa kule kujifanya. Katika hadithi nzima hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia, "Naumia." Hata dawa aliyoitaka alingoja abembelezwe. Mwanafunzi wake alimhurumia, na huruma ile ikapotea bure kwa sababu haikujibiwa kwa ukweli. Binti yangu alisema mezani, kwa sauti, akitazama sahani yake. Hapo tayari alikuwa amemzidi mtawa.

Na hapo ndipo ninapomlaumu Akutagawa kwa jambo la pili. Kumrudishia Naigu pua yake ni kumpa mlango ambao mwanadamu hana. Aliyepasuliwa hawezi kuamka asubuhi akakuta ya zamani imerudi. Akijuta, atangoja mwaka hivi uvimbe uishe kabisa ndipo daktari amfikirie tena, na hata hapo atapata pua ya tatu, si ile ya kwanza. Mwisho wa hadithi ni mzuri kwa macho, majani yake ya manjano na sakitu yake vinapendeza, lakini unakwepa swali gumu kuliko yote: mtu aishi vipi na uamuzi usiorudi nyuma, mbele ya watu wasionyamaza?

Binti yangu aliisoma katika wiki ya tatu. Alicheka kwenye kisa cha mbwa mpaka pua ikamuuma, akaniomba nisimchekeshe. Hakubaliani nami. Anasema kosa la Naigu ni kusikiliza kicheko mara mbili, na kwamba mimi nimeingiza habari za kusema ukweli kwa sababu nina la kwangu la kusema. Nikamuuliza ni lipi. Akasema nilifikirie.

Nimelifikiria, na nimemwomba radhi kwa lile jina. Alikubali, akaongeza kwamba binamu zake bado wanalitumia. Juu ya hadithi bado tunabishana. Isomeni, ni fupi, haimalizi jioni moja. Mwenye maoni ya tatu amwandikie mhariri, tutayasoma sote wawili.