Baiskeli ya Umeme Unguja Mjini: Namna ya Kumpima Mtembezaji

Mtembezaji anayekupa baiskeli ya umeme kisha akakuzungusha Forodhani, Ngome Kongwe na Shangani pekee amekula pesa yako bure. Mji Mkongwe mtu huumaliza kwa miguu, kutoka Malindi hadi Vuga, na vichochoro vya Hurumzi na Kiponda ni vyembamba hivi kwamba vespa ikija mtu hujibandika ukutani. Mota ya nini hapo? Baiskeli hii imepata kazi Unguja kwa sababu ya umbali: kuvuka Darajani kuingia Ng'ambo, kisha kushika njia ya kaskazini mpaka Maruhubi na Mtoni, katika jua ambalo mgeni akilikabili kwa miguu hufika akiwa hana tena macho ya kutazama. Ndiyo maana nikiombwa kumtaja mtembezaji bora, siulizi kwanza baiskeli zake ni za kampuni gani. Nauliza anapita wapi.

Mwambie akutajie njia yake kabla hujatoa hata shilingi. Mjuzi wa kazi atakutajia mitaa: tutatokea Mkunazini, tuvuke pale sokoni, tuingie Mlandege, Mwembetanga, halafu Raha Leo. Asiyejua atakutajia majengo, na yote yatakuwa yale yale ya kwenye kadi za posta.

Kipimo cha pili kiko barabarani pale Darajani, kabla ya kuvuka. Hapo zamani palikuwa na mkono wa bahari. Maji yalijaa na kupwa kati ya mji wa mawe na Ng'ambo, na watu walipita darajani. Wakati wa Waingereza ule mkono ulifukiwa kidogo kidogo, na bonde likawa viwanja na barabara. Jengo la soko ni la 1904. Ukiteremka upande wa Mnazi Mmoja unaliona kuba la Beit el Amani, makumbusho yaliyojengwa 1925 kwa mchoro wa John Sinclair, na mbele yake ile ardhi bapa isiyofanana na mji wowote ulioanza juu ya nchi kavu. Mtembezaji mzuri huwashusha wageni hapa na kuwaeleza kwamba wanavuka maji ambayo hayapo tena. Akipita moja kwa moja huku anapiga kengele, mgeni atakuwa ameona foleni ya daladala na vikapu vya embe, basi.

Ng'ambo ndiko kazi inakojulikana. UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika orodha yake mwaka 2000, sifa ilibaki upande wa bahari, ilhali wakazi wengi wa mji huu tangu zamani wamelala upande wa pili. Huku milango si ya kupigia picha. Kuna nyumba za udongo na boriti zilizoezekwa bati pale palipokuwa na makuti, kila moja na baraza lake, na ghafla yanatokea majumba ya Michenzani, marefu ya kuchosha shingo. Ni mradi wa enzi za Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, kwa mipango ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki: barabara mbili pana zilikatwa msalaba katikati ya mitaa, na nyumba za watu zikabomolewa kupisha ghorofa. Watembezaji wengi husimamisha kundi pale kwenye mzunguko, ambapo hakuna anayesikia neno kwa honi. Aliye bora huingia nyuma ya majumba. Huko utaona kanga zimeanikwa kila ghorofa, watoto wanacheza mpira, fundi cherehani kajibanza chini ya ngazi, na hatua chache tu ukigeuka, nyumba ya baraza iliyonusurika tingatinga. Pande hizo mbili zikionekana kwa kutupa jicho mara moja, mtu huelewa Mapinduzi yalitaka kujenga nini na yalijenga juu ya nini, bila hotuba.

Hotuba, hata hivyo, itakuja mkifika Raha Leo, na hapo ndipo ulimi wa mtembezaji unapopimwa. Kutoka kituo cha redio cha hapo wananchi walitangaziwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Kisiwandui, si mbali na hapo, ndipo alipouawa Karume tarehe 7 Aprili 1972, na ndipo alipozikwa. Katika mtaa mmoja wa Unguja yuko mzee aliyepata nyumba kwa Mapinduzi na yuko jirani aliyepoteza watu wake; pengine wote wawili ni ukoo mmoja. Mtembezaji anayeyasimulia haya kama filamu ya vita, kwa sauti ya kusikika barazani, hafai hata kama Kiingereza chake kinatiririka. Anayefaa hupunguza sauti, hutaja siku na jambo lililotokea, na akiulizwa swali gumu hujibu bila kumtukana mtu wala kumtakasa mtu.

Kisha kuna Siti binti Saad. Alitoka Fumba, muuza vyungu, akaja mjini mwaka 1911 na kukaa Ng'ambo. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na taarabu ya Kiswahili ikasikika mbali na visiwa hivi. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Anayekutembeza Ng'ambo nzima bila kumtaja Siti, mwulize amesoma wapi kazi yake. Nami nitaongeza kwa upendeleo wangu: akimtaja Siti kabla ya mwimbaji wa rock Freddie Mercury, mpe alama mbili.

Maana Mercury ni mtego. Ni kweli alizaliwa Unguja, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Lakini nyumba zinazodaiwa kuwa za wazazi wake ni zaidi ya moja, na kila duka lenye picha yake ukutani lina hadithi yake. Hapa ndipo unapomtenga mjuzi na kasuku. Kuna visa vinne au vitano ambavyo kila mgeni huuzwa Unguja, na namna mtembezaji anavyoviuza inatosha kumpa daraja. Mojawapo ni vile vyumba vya chini karibu na Kanisa Kuu la Anglikana, vinavyoonyeshwa kama mahabusu ya watumwa. Soko la watumwa lilikuwa hapo, hilo halina ubishi, na lilifungwa 1873. Lakini jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la wamisionari waliokuja kujenga baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamelibishia dai hilo. Mtembezaji mwaminifu huwaambia wageni yote mawili, na uchungu wa mahali haupungui hata chembe. Kisa kingine ni misumari ya shaba milangoni, eti ya kuzuia tembo. Misumari hiyo chimbuko lake ni Bara Hindi. Huku Unguja ni pambo na fahari ya mwenye nyumba. Mwangalie anavyosimama mbele ya mlango: akisema tu "huu wa Kiarabu, ule wa Kihindi" na kuondoka, amekariri. Akikuonyesha kizingiti cha juu kilichonyooka na kile cha upinde, akakuelekeza kwenye samaki, mnyororo au ua la yungiyungi lililochongwa kwenye miimo, kisha akanyamaza ulitazame, huyo ameshinda kwenye milango.

Sasa safari ya kaskazini, ambayo bila umeme wageni wengi hawaifanyi. Ni njia ile ile iliyofuatwa na reli ya Bububu, treni iliyoanza 1905 na kuzimika katika miaka ya 1920, ikipita mjini na kuelekea kaskazini karibu kilomita 11. Anayeijua hadithi ya treni hii hukufanya ukanyage pedali kwa raha zaidi. Maruhubi ni kasri la Sultani Barghash, la mwanzoni mwa miaka ya 1880. Liliungua 1899 na sasa zimebaki nguzo nene zilizobeba roshani, zimesimama kati ya minazi kwa safu. Hapa tena utauziwa hadithi ya masuria 99 wa Sultani. Mtembezaji mzuri atasema kwamba ndivyo inavyosimuliwa, kisha atakupeleka kuangalia hamamu na mifereji ya maji, ambayo inaeleza maisha ya mle ndani kuliko hesabu ya wanawake. Mtoni ni pakongwe zaidi, makazi ya Sultani Seyyid Said. Alizaliwa hapo mwaka 1844 binti yake Salme, aliyeondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ni magofu matulivu, hayana ukubwa wa kustaajabisha. Ukiona mtembezaji anahangaika kuyapamba kwa maneno makubwa, jua hapapendi.

Baiskeli yenyewe isikutishe kwa maelezo. Mji huu ni tambarare; mota ya wati 250 inatosha, na anayejigamba kwa wati 750 anauza fujo. Tofauti iko katika namna mota inavyouitikia mguu. Zipo zinazowaka mara tu pedali ikizunguka, uwe umekanyaga kwa nguvu au umegusa tu. Hizo humrusha mtu mbele, na mbele yake kuna mtoto mwenye sinia la mandazi. Zipo nyingine zenye kihisi kinachopima nguvu ya mguu, na mota huongeza kadiri unavyokanyaga. Kuzijaribu ni rahisi: kabla ya kuondoka chora nane kwenye uwanja, polepole. Ikikurusha kwenye kona, omba nyingine. Breki ikibanwa mota ikate papo hapo. Halafu inama. Chumvi ya bahari hula kila kitu Unguja, kwa hiyo tazama mnyororo, boliti za diski na vile vishikizo vya shaba ambapo betri huingia. Kutu hapo ni ushahidi kwamba mwenyewe hufuta fremu tu kwa sababu ndiyo inayopigwa picha.

Kuhusu betri, fanya hesabu mwenyewe. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 hubeba kiasi cha wati-saa 500. Kwa msaada wa wastani baiskeli hula karibu 10 kwa kila kilomita. Kwenda Mtoni na kurudi, hata ukizunguka Ng'ambo yote, hufiki kilomita 30. Mtembezaji akikuambia mapema kwamba mrudi haraka kabla chaji haijaisha, tatizo si umbali. Betri imezeeka, au imekuwa ikianikwa juani mlangoni pa ofisi. Na baiskeli hizi ni nzito, mara nyingi zaidi ya kilo 20. Ikizimika njiani Maruhubi utajua.

Leseni ni jambo la sekunde moja: kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, chenye picha yake. Asiye nacho ni papasi, yaani dalali wa kuvizia wageni, hata awe mcheshi vipi. Lakini kitambulisho hakimfundishi mtu adabu, nayo adabu ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoiangalia kwa muda mrefu kuliko zote. Ndani ya Mji Mkongwe mtembezaji hodari hushuka na kuikokota baiskeli, na kundi lake humfuata bila kuambiwa. Hapeleki watu zaidi ya sita, na nyuma kabisa yupo mwenzake. Ijumaa kuanzia saa sita mchana hupita mbali na misikiti ya Ng'ambo. Mwezi wa Ramadhani huwatafutia wageni pa kunywa maji palipo faraghani, si mbele ya baraza la waliofunga. Hamnyoshei mtu kamera kabla ya kumsalimu. Na msikilize anavyosalimu, kwa sababu hapo huwezi kughushi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wako mbona wamekonda? Watie kivulini kwanza."

Ukisikia mazungumzo ya namna hiyo mtaa baada ya mtaa, umempata mtu ambaye Ng'ambo inamjua kwa jina la mama yake. Ukiona badala yake milango inafungwa taratibu kundi likikaribia, huhitaji kuuliza zaidi. Angalia pia anaponunua kahawa. Akisimama kwa muuza kahawa wa Mwembetanga, mwenye birika na makaa, akaagiza na kashata, pesa yako imebaki mtaani. Akiwarudisha Shangani kwenye mkahawa wenye paa la kuangalia machweo, ambapo yeye hupewa asilimia yake, si dhambi, ila mwambie utalipia mwenyewe unapotaka.

Wakati wa masika usiende, hata na mtembezaji bora. Mabonde ya Ng'ambo hujaa maji, na mota na madimbwi hazipatani. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, kuna upepo na ubaridi kidogo, na kuanza saa moja asubuhi ni bora kuliko saa tatu. Na kama umepiga hodi kote ukakosa mtu anayefaulu nusu ya haya, usikodi. Vuka Darajani kwa miguu hadi Michenzani, zunguka nyuma ya majumba, kisha tafuta daladala namba 502 ya Bububu. Mwambie kondakta akushushe Maruhubi, na ukimaliza, Mtoni ni mbele kidogo tu kwenye njia hiyo hiyo.