Kikomo cha hesabu si kikomo cha kasi

Miongoni mwa istilahi za kalkulasi, lipo neno moja ambalo naona linawapotosha wanagenzi: kikomo. Limetokana na kitenzi 'koma', yaani kuacha kuendelea. Dereva wa matatu kati ya Nyeri na Karatina anajua kikomo chake cha kasi ni kilomita 80 kwa saa. Anaruhusiwa kukifikia, mradi asikipite.

Katika kalkulasi mambo ni tofauti. Chukua (x² − 9) ÷ (x − 3). Ukiweka x kuwa 3, unapata sifuri kwa sifuri, jibu lisilo na maana. Weka 2.99, unapata 5.99. Njoo kwa upande wa pili: 3.01 inakupa 6.01. Hesabu inaikaribia 6 pande zote mbili bila kuifikia.

Mwanafunzi aliyepewa 'kikomo' tu huuliza, "Mwalimu, si tunakata tu hiyo x kutoa 3?" Anakata, anapata 6, asijue amepata nini. Akifika chuoni anaidaka kanuni ya L'Hôpital, iliyochapishwa 1696, na kuitumia kila mahali kama panga la kufyekea. Ndiposa napendekeza 'thamani inayokaribiwa'. Ni refu, naam, ila halidanganyi.

'Intigresheni' nayo tumeiacha bila maelezo. Alama yake ni S ndefu aliyoibuni Leibniz mwaka wa 1675, herufi ya kwanza ya neno la Kilatini 'summa', yaani jumla. Mathalani, shamba la majani chai kule Othaya limepakana na mto unaopinda. Pima urefu wake kila baada ya mita 10: 20, 26, 30, 24. Kwa kanuni ya trapeza inayofunzwa Kidato cha Nne, eneo ni takriban mita mraba 780. Vipande vikiwa vyembamba zaidi na zaidi, jumla inaukaribia ukubwa halisi. Hapo ndipo mada hizi mbili hukutana, na kitenzi 'karibia' ndicho kinachoziunganisha.

Najua nitaambiwa mtihani ni wa Kiingereza. Sawa, lakini maelezo ya darasani si lazima yawe ya Kiingereza kitupu. Nasi waundaji wa istilahi, kabla ya kuidhinisha neno, tumwulize mwalimu wa hesabu linamfanya mwanafunzi aelewe nini.