Sifa za Fundi wa Shoki

Injini ndiyo hupewa sifa zote. Mtu akitoka Bomet mjini na pikipiki mpya, wenzake stejini humuuliza kwanza kuhusu nguvu: je, inapanda? Katika nchi ya chai swali hilo lina uzito wake, maana hapa hakuna safari isiyo na mlima. Lakini aliyepanda atashuka, na katika kushuka injini haina mengi ya kusema. Mteremko huachiwa breki, tairi na shoki. Breki watu huzitaja, tairi huzikagua, shoki huikumbuka siku inapovunjika. Nataka kuisifu shoki leo, pamoja na mtu anayeijua kuliko sisi sote: fundi wa kando ya barabara wa Silibwet.

Silibwet ni mji mdogo wa Kaunti ya Bomet, si mbali na Hospitali ya Tenwek, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Chai imelala juu ya migongo ya vilima, na kila bonde lina kijito kinachoutafuta Mto Nyangores, ule unaokutana na Amala na kuwa Mara. Mtu akitoka shambani kwenda kituo cha kuuzia majani, dukani au kliniki, hana budi kushuka bondeni, kuvuka, kisha kupanda tena. Mvua nayo haikawii kurudi. Ikinyesha, udongo mwekundu huteleza. Ikikatika, malori ya majani huacha makorongo. Jua likipiga siku chache, murram hujipanga matuta madogo madogo yanayotetemesha mpaka meno.

Juu ya barabara hizo hupita karibu kila kitu. Tangu serikali ilipozipunguzia kodi pikipiki zenye injini chini ya cc 250, mwaka 2008, bodaboda zimefika hata penye njia ambayo gari haliwezi kuingia. Mfuko mmoja wa mbolea ya chai una kilo 50, na si ajabu kuona miwili imefungwa nyuma ya dereva. Kuna magunia ya viazi, mitungi ya maziwa, watoto wa shule, mama mjamzito anayewahishwa Tenwek. Jani la chai likibanwa na kuchubuka njiani huanza kubadilika rangi kabla halijafika kiwanda cha chai cha Kapkoros, na kiwanda hakiwezi kulirudishia ubora lilioupoteza shambani na barabarani. Maziwa yakisukwasukwa sana mafuta huanza kujitenga. Huyo mama mjamzito, naye, kila shimo analihesabu mwilini mwake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kazi ya fundi wa shoki ni kuukana msemo huo kila siku: lazima aupime mzigo wa mwenzake kana kwamba ataubeba yeye.

Wengi huamini kuwa shoki imewekwa kwa ajili ya starehe. Starehe ni faida ya pili. Faida ya kwanza ni kuifanya tairi ishike chini. Tairi iliyoruka juu ya jiwe haina breki wala haipindi kona. Kwa muda huo mdogo dereva ni abiria kama abiria wengine. Shoki nzuri huliacha gurudumu lipande na kushuka kufuata ardhi, huku mwili wa pikipiki ukibaki umetulia.

Ndani yake mna vitu viwili vinavyosaidiana. Cha kwanza ni springi. Mwingereza Robert Hooke aliichapisha kanuni yake mwaka 1678: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaotwishwa, ukiongeza uzito mara mbili nayo hubonyea mara mbili. Lakini springi haili nguvu, huiweka tu na kuirudisha. Ikiachwa peke yake ni mlevi: akishasukumwa hajui pa kusimama. Ndipo inapoingia oili. Ndani ya shoki oili hulazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na katika kupenya huko nguvu ya kishindo hugeuka joto. Gusa shoki ya nyuma baada ya mteremko mrefu wenye mzigo, utaisikia imepata moto. Lile joto ndilo kishindo ambacho hakikufika mgongoni mwako.

Fundi ninayemfikiria ana kibanda cha mabati karibu na steji. Mara nyingi nimekaa kwenye benchi lake nikimtazama, na kila mara jambo la kwanza kufanya kazi ni mdomo wake, spana hufuata. Mzee mmoja aliileta pikipiki akalalamika kwamba nyuma inagonga. Fundi akamwuliza, "Mzee, unabeba nini?" Maziwa asubuhi, abiria mchana. "Na unateremkia wapi?" Kule chini darajani. "Haya, panda. Mama, na wewe kaa nyuma yake, tafadhali."

Akachuchumaa ubavuni. Kwanza alikuwa amepima kwa shubiri na vidole nafasi kati ya tairi na madigadi bila mtu yeyote. Akapima tena mzee akiwa amekaa, kisha mama alipoongezeka. Mbele akafunga uzi mwembamba wa mpira, aliokata kwenye tyubu kuukuu, kuzunguka bomba la foku, yaani shoki ya mbele, akauteremsha mpaka ukagusa sili, ile raba inayozuia oili isivuje. Akamwambia mzee ashuke mpaka darajani na kurudi, taratibu, kama siku zote. Aliporudi, uzi ulikuwa umepanda karibu na mwisho wa bomba. Fundi akauonyesha kwa kidole. Foku ilikuwa imekwisha njia yote. Kilichobaki kilikuwa ni chuma kugonga chuma. Mzee alikuja akilalamikia nyuma, na ugonjwa mkubwa ulikuwa mbele.

Vipimo hivyo viwili, cha kubonyea kwa uzito uliotulia na cha mwisho wa safari ya foku, ndivyo vinavyotumiwa na waendesha baiskeli za mbio za kuteremka milima huko Ulaya na Marekani. Baiskeli zao zina foku zinazobonyea kufikia milimita 200. Kabla ya kushindana hukaa juu ya baiskeli wakiwa wamevaa kila kitu, na hutaka sehemu ya nyuma ibonyee karibu theluthi moja ya njia yake kwa uzito wao tu. Ikibonyea zaidi, hawana akiba ya kupokea jiwe. Ikibonyea kidogo mno, gurudumu haliwezi kushuka kufuata shimo, nalo hubaki hewani. Mpira mdogo kwenye bomba la foku huwaonyesha walikofika. Wao wana vitabu vya maelezo na pampu zenye saa za kupimia. Fundi wa Silibwet ana shubiri na kipande cha tyubu. Jibu wanalolitafuta ni moja.

Wala ukaribu huo si wa kushangaza, kwa kuwa foku hizo zina ukoo mmoja. BMW ilianza kuuza pikipiki zenye foku za oili mwaka 1935. Baiskeli za milimani zilikuja kuzipata baadaye sana: foku ya RockShox RS-1 ilitoka mwaka 1989, na aliyeibuni, Paul Turner, alikuwa amefanya kazi ya ufundi katika mbio za pikipiki. Mwaka uliofuata Greg Herbold aliitumia kushinda mashindano ya kwanza ya dunia ya kuteremka, kule Durango, Marekani. Miaka ya 1992 na 1993 Gilbert Duclos-Lassalle alishinda Paris–Roubaix, mbio za barabara za mawe nchini Ufaransa, akiwa na foku ya namna hiyo. Maarifa yaliyozaliwa kwenye pikipiki yalikwenda kuziokoa baiskeli.

Turudi kwenye ugonjwa wa mbele, maana hapo ndipo ufundi huu unapoonyesha akili yake. Mtu akitaka kubeba zaidi, hukimbilia kuimarisha nyuma: shoki nene, springi ngumu, wakati mwingine hata chuma cha kuchomelea. Anapobeba kwenye tambarare huona amefanya la maana. Kisha anashika breki kwenye mteremko, uzito wote unasonga mbele, na foku ya kiwandani isiyoguswa inazama mpaka chini. Nyuma iliyo ngumu inakataa kushuka nayo, basi pikipiki yote inainama, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na tairi ya nyuma inaanza kuteleza kwa sababu imekosa uzito wa kuikandamiza. Kwa hiyo anayeteremka na mzigo aanze kutengeneza foku, ndipo aende nyuma, na zote mbili zilingane.

Jambo la pili ambalo fundi hachoki kulieleza ni ile kola ya ngazi kwenye shoki ya nyuma, inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Karibu kila dereva huamini kwamba akiizungusha anaifanya springi kuwa ngumu. Springi ni ileile. Kola hupandisha kiti tu, ili pikipiki iliyoinamishwa na mzigo isimame pake, na hilo lina faida yake. Lakini ikiwa umefika ngazi ya mwisho na bado unagonga, springi yenyewe ni dhaifu kwa kazi unayoipa, na dawa ni kuibadilisha. Ukishaweka springi ngumu, angalia na oili, kwa sababu springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi. Isiposhikwa, itamrusha abiria hata kama haikugonga.

Na oili ina kipimo chake. Wapo wanaojaza foku oili nzito ya injini wakidhani uzito ni uimara. Kwenye shimo moja watafurahi. Kwenye yale matuta ya murram foku inabonyea kwa tuta la kwanza na, kabla haijarudi, la pili limefika, halafu la tatu. Inazidi kuzama mpaka inakuwa gogo, na dereva analaumu barabara. Oili ya foku inayofaa inapatikana dukani kwa bei isiyotisha, na ujazo wa kila mguu umeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Miguu yote miwili ipate sawasawa.

Nilipenda kumwona akibadilisha sili. Oili ya zamani ilitoka nyeusi, inanuka, ina mng'aro wa chembe za chuma zilizosagika. Alilipangusa bomba kwa kitambaa safi, kisha akafumba macho na kulipitishia ukucha wa kidole gumba polepole, juu hadi chini. Ukucha uliponasa kidogo alisimama, akaipata alama ya mkwaruzo ambayo mimi sikuiona, akaisugua kwa msasa laini uliolowa oili mpaka ukucha ukateleza. "Ningeiacha," alisema, "ingekata sili mpya kabla ya Jumapili." Kisha akaipaka sili oili na kuishusha kwa kipande cha bomba la maji kinacholingana nayo, akigonga kwa zamu pande zote ili isiingie upande. Ile raba ya juu inayozuia tope, ambayo wengi huitupa ikishachanika, aliiwekea mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tope hukwaruza bomba, mkwaruzo hukata sili, sili ikikatika oili huisha, na tone likifika kwenye breki, basi.

Huu ndio ufundi ninaousifu. Kwa jicho la mpita njia ni kijana mwenye mikono myeusi anayegonga bomba kando ya barabara. Ukikaa naye unaona mtu anayeuliza kabla ya kufungua, anayepima kabla ya kuuza, na anayekataa kukuuzia shoki mbili za nyuma wakati unachohitaji ni sili mbili na oili. Angeweza kupata faida kubwa zaidi kwa kunyamaza. Hospitali ya Tenwek ina madaktari wa mifupa wanaowapokea walioanguka. Fundi huyu yuko upande wa pili wa kazi hiyohiyo, na wagonjwa wake hawajui kuwa wangekuwa wagonjwa.

Kenya ina njia ya kumtambua mtu kama yeye. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mafundi wa Silibwet wanastahili kufikiwa na mitihani hiyo bila kulazimika kufunga vibanda, na vyuo vya ufundi vya kaunti vingefaidika kuwaita wafundishe. Kijana anayejifunza injini bila kujifunza shoki amejifunza kupanda tu.

Nawe unayeendesha, kabla mvua kubwa haijaanza, panda pikipiki yako ukiwa na mzigo wako wa kila siku, umwite fundi apime. Tazama kama foku inatoa jasho la oili. Ikiwa inatoa, itengeneze wiki hii, mbele kwanza, na umlipe fundi haki yake bila kumbana bei. Mteremko wa kwenda darajani unaupita kila siku.