Kuhesabu vifo vya Rufiji kwa nyuzi nyingi

Mwaka 1998, eneo la Kibiti likiwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji, Tanzania, wadodosaji wa mfumo wa ufuatiliaji wa watu na afya wa Rufiji walianza kupita kaya kwa kaya wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Mradi wa afya wa TEHIP ulizitumia takwimu hizo kuionyesha wilaya magonjwa yanayoua zaidi, malaria ikiwa mbele, ili bajeti ielekezwe huko. Kwa hiyo kifo kimoja kisichohesabiwa si jambo dogo.

Sasa tuseme rekodi za namna hiyo zinachakatwa kwa Python, kila kijiji na uzi (thread) wake. Je, vigeu vya ndani vitagongana? Hapana. Kila fanksheni inapoitwa hupewa fremu yake, na vigeu vyake vya ndani hukaa humo. Nyuzi nne zikiita fanksheni `hesabu_vifo` kwa pamoja, kuna fremu nne na vigeu `idadi` vinne.

Hatari iko kwenye kitu ambacho jina linakielekezea. Kigezo `jumla` nacho ni cha ndani, lakini ukizipa nyuzi zote kamusi moja, zote zinaandika palepale. Mstari `jumla["malaria"] += 1` una hatua tatu: kusoma, kuongeza, kuandika. Uzi wa kijiji cha Bungu unasoma 40. Kabla haujaandika, uzi wa kijiji cha Mchukwi nao unasoma 40. Zote mbili zinaandika 41. Kifo kimoja kimepotea, na programu haikutoa kosa lolote.

Wengi hutegemea kufuli kuu la Python, GIL. Hilo huzuia nyuzi mbili kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja, lakini haliahidi kwamba mstari utamalizika bila kukatizwa. Na tangu toleo la 3.13, Oktoba 2024, unaweza kupata Python isiyo nalo kabisa.

Mtego mwingine ni `def hesabu_vifo(kaya, matukio=[])`. Orodha hiyo huundwa mara moja tu, fanksheni inapofafanuliwa. Kila anayeita bila kuleta yake hupewa ileile.

Mimi sikimbilii kufuli la `Lock`, maana ukilisahau sehemu moja tu, kazi yote imeharibika. Afadhali kila fanksheni iunde `Counter` yake humo ndani na kuirudisha. `ThreadPoolExecutor` ikusanye majibu, uzi mkuu ujumlishe. Tena hesabu ya Bungu unaweza kuihakiki peke yake kabla haijaunganishwa na ya Mchukwi.