Sikio la Buck O'Neil

Buck O'Neil aliijua besiboli kwa sikio kabla ya jicho. Alisimulia mara nyingi kwamba kuna mlio wa gongo likikutana na mpira ambao maishani mwake aliusikia kwa watu watatu tu: Babe Ruth, Josh Gibson na, miaka mingi baadaye, Bo Jackson. Mlio mzito, wa kumfanya mtu aache alichokishika atoke mbio kwenda kutazama ni nani. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi ya msaka vipaji kwa ufupi.

Alizaliwa Florida mwaka 1911, akafanya kazi kwenye mashamba ya seleri, kisha akachezea timu ya Weusi ya Kansas City Monarchs na hatimaye kuifundisha. Ligi kuu zilikuwa zimewafungia milango Weusi kwa miongo kadhaa. Milango ilipofunguka na Chicago Cubs, timu ya ligi kuu, wakamwajiri kama msaka vipaji, alizunguka vyuo vya Weusi vya Kusini, kwenye viwanja ambako wasaka vipaji wengine hawakujisumbua kufika. Chuo cha Southern, Louisiana, alimwona kijana mwenye mbio za ajabu, Lou Brock. Baadaye, katika ligi kuu, mbio hizo zilimwezesha Brock kuiba vituo 938.

Mwaka 1962 Cubs walimfanya kocha wa kwanza Mweusi katika ligi kuu. Mwaka 2006 alikosa kura za kuingia Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, naye akaenda kuwazungumzia wenzake 17 walioingia, akawaimbisha waliohudhuria. Alifariki Oktoba mwaka huohuo. Aliingizwa mwaka 2022.