"Mtumba" au "Iliyokarabatiwa"?

Mwanafunzi wa Njiro, Arusha, asiye na uwezo akipewa kompyuta kuukuu iliyosafishwa, ikabadilishwa diski na kuwekewa Linux, wapo wasemao amepata "mtumba". Istilahi hii ina kasoro. Neno "mtumba" hueleza kuwa kifaa kilikwisha kutumika; halielezi kama kimetengenezwa. Kwa neno hilo mfadhili aweza kukabidhi kibovu, na mpokeaji asiwe na la kudai. Twapendekeza "kompyuta iliyokarabatiwa", kwani kukarabati ni kurudisha kitu katika hali ya kufaa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa Kiswahili chatosha ndani ya mashine. Basi kisipungue katika hati ya makabidhiano.