Sabufa ya Pili

Vijana wanaojinunulia muziki wa nyumbani huulizana sana swali hili: je, sabufa moja yatosha, au yafaa kuongeza ya pili? Wengi hulichukulia kuwa ni swali la fedha. Mimi naliona ni swali la masikio kwanza, na baadaye swali la kuishi na watu. Kwa hiyo nitalijadili hapa kama ambavyo mwingine angehakiki tamthilia. Kazi imekwisha kutendwa, na sisi tulioisikiliza tuna haki ya kusema imetufikisha wapi.

Kazi yenyewe ipo Kigongo, wilayani Misungwi, sebuleni kwa dada yangu, si mbali na kivukoni. Kwa miaka mingi mahali pale palikuwa pa kelele: magari katika foleni ya pantoni ya kwenda Busisi, wachuuzi, muziki wa vibandani. Daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, magari yakaanza kupita moja kwa moja, na ufuko ukapata kimya. Katika kimya hicho mpwa wangu, mpenzi mkubwa wa dansi la zamani, alinunua sabufa ya pili.

"Mjomba," aliniambia, "ukiwa na moja unasikia. Ukiwa na mbili unapigwa."

Uhakiki wangu unaanzia hapo, maana sijapata kuelewa kwa nini msikilizaji atamani kupigwa.

Kwanza aliibandika sabufa mpya juu ya ile ya zamani, kwenye kona moja. Huo ndio mtindo wa wengi, na ni mtindo mbaya. Sabufa mbili zilizokaa pamoja na kuvuma kwa mwendo mmoja huongeza kama desibeli 6. Sikio la binadamu huhitaji kama desibeli 10 ndipo likiri kwamba sauti imekuwa maradufu. Kwa hiyo aliyelipa mara mbili hakupata hata sauti mara mbili. Tena kasoro iliyokuwapo ilibaki palepale, ila sasa ilikuwa inapiga kelele zaidi.

Kasoro hiyo haikuwa ya sabufa, ilikuwa ya chumba. Sebule ile ina upana wa mita 4. Sauti nzito huenda ukutani, ikarudi, ikakutana na nyingine inayokuja. Kwa upana huo, sauti ya hezi 43 hivi hujazana kando ya kuta mbili na kufifia katikati. Sasa, uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi huvuma kwa hezi 41. Ndiyo maana aliyeketi kwenye kochi la ukutani alilalamika kwamba besi inamfunika mwimbaji, na aliyeketi kiti cha katikati akauliza mpiga besi amekwenda wapi. Wote wawili walisema kweli.

Hatua ya pili ndiyo ninayoisifu. Sabufa moja iliwekwa katikati ya ukuta mmoja mrefu, na ya pili katikati ya ukuta unaoikabili. Kila moja sasa inazuia ule mjazano ambao mwenzake angeuanzisha, kwa sababu zinasukuma hewa pamoja kutoka pande zinazopingana. Mtafiti Todd Welti wa kampuni ya Harman alilieleza jambo hili mwaka 2002. Alionyesha kwamba mbili zilizopangwa hivyo husawazisha besi kwenye viti vingi, na kwamba kupita nne hakuna faida ya maana. Sharti nyaya zisipishane: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukizigeuza upande mmoja, sabufa hizo zitafutana katikati ya chumba na besi itanyauka hapo. Mwenye shaka ageuze nyaya za moja, asikilize akiwa katikati ya sabufa hizo mbili, kisha aache pale besi inaposhiba.

Besi ikawa moja tu sebule nzima. Haikuwa kubwa zaidi, ila ilikuwa wazi zaidi. Tulisikiliza nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na za Marijani Rajab, na kwa mara ya kwanza chumbani mle niliweza kufuata vidole vya mpiga besi kutoka noti hadi noti.

Hata hivyo, nakataa dai la mpwa wangu kwamba asiye na mbili hajausikia muziki huo. Kizazi chetu kiliupokea kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam kwa redio ndogo za betri, ambazo spika zake hazikuweza kabisa kutoa hezi 41. Lakini sikio lina hekima yake. Likipewa sauti za juu zinazozaliwa na noti nzito, hulijaza lenyewe pengo la chini. Besi tuliisikia, na tuliicheza. Sabufa ya pili imetusogeza karibu na mpiga besi tuliyekuwa tunamfahamu tangu zamani.

Wasukuma wana desturi ya mashindano ya ngoma, Wagika upande mmoja na Wagalu upande mwingine. Makundi hayo hucheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watazamaji wengi ndilo mshindi. Nadhani vijana wetu wameleta uwanja huo sebuleni: sabufa yangu dhidi ya yako, nyumba yangu dhidi ya yako. Uwanjani ni jambo tamu, kwa sababu mtazamaji ana miguu, asiyependa anahamia kwingine. Anayelala nyuma ya ukuta ana mahali gani pa kuhamia?

Nyuma ya ukuta ule analala dada yangu. Sauti nyembamba hukomea ukutani, lakini nzito hupenya tofali na kutikisa mabati. Katika siku za ile kona alikuwa akitoka kukaa kwa jirani hadi muziki uzimwe. Naye ndiye aliyecheza nyimbo hizo ujanani! Baada ya kupanga upya, besi ilipotosha kila kiti, hapakuwa tena na haja ya kuongeza sauti ili kiti cha katikati kipate haki yake. Kitufe kikashushwa, na mwenye nyumba akarudi kuketi na kuimba maneno yote pamoja na marehemu Mbaraka.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Anayeongeza sabufa ya pili ili asikike mbali amenunua ugomvi, na Luku yake itamlilia. Anayeiongeza ili kila aliye chumbani asikie sawa, kisha akapunguza sauti, amefanya kazi njema. Lakini kupunguza hakumo ndani ya sanduku, wala fundi hawezi kukufungia. Marafiki wa mpwa wangu wakija Jumamosi, kitufe hupanda tena. Kwa kazi hii nampa alama nzuri kwa upangaji. Alama za usikivu nazizuia hadi nitakaposikia kutoka kwa mama yake kwamba Jumamosi nazo anazilala.